Orkaria na Enaiposha: Historia ya Majina Mawili ya Kimaa Angani, kwa Mtazamo wa Same na Milima ya Upare

Utangulizi

Katikati ya mwezi Juni, ifikapo usiku wa manane, kundinyota la Ophiuchus hupita karibu na utosi wa anga ya Same. Ndani yake imo nyota ndogo nyekundu isiyoonekana kwa macho matupu, iliyo umbali wa takribani miaka ya nuru 48. Kwa muda mrefu wataalamu waliitambua kwa namba tu: GJ 1214. Tangu mwaka 2023 nyota hiyo ina jina rasmi la Kimaa, Orkaria, na sayari yake inaitwa Enaiposha. Makala hii inachunguza jinsi majina hayo yalivyopatikana, na inajenga hoja kwamba kutaja jina ni tendo la kihistoria: hueleza habari za mtajaji kuliko za kitajwa.

Kugunduliwa kwa sayari

Sayari hiyo ilitangazwa Desemba 2009 na kundi la watafiti lililoongozwa na David Charbonneau. Mradi wao, MEarth, ulitumia darubini nane ndogo, kila moja ikiwa na kipenyo cha sentimita 40, zilizowekwa Arizona, Marekani. Njia yao ilikuwa kusubiri mwanga wa nyota upungue kidogo pale sayari inapokatiza mbele yake. Nyota ikiwa ndogo, kivuli cha sayari huonekana wazi zaidi. Ndiyo maana darubini za kawaida zilitosha. Uzito wa sayari ulipimwa kwa darubini kubwa iliyoko La Silla, Chile.

Ilibainika kuwa kipenyo chake ni karibu mara 2.7 ya kile cha Dunia, na kwamba huizunguka nyota yake kwa saa 38 tu. Iliingizwa katika kundi la sayari zilizo kubwa kuliko Dunia lakini ndogo kuliko Neptuni, ambazo mfumo wetu wa Jua hauna mfano wake. Wepesi wake kwa kulinganisha na ukubwa wake uliwafanya wagunduzi wadhani kuwa huenda sehemu kubwa ya sayari hiyo ni maji. Hata hivyo, uchunguzi wa darubini ya Hubble uliochapishwa mwaka 2014 ulikuta anga yake imefunikwa na utando mzito. Mwaka 2023 vipimo vya darubini ya Webb vilionyesha joto la nyuzi za Selsiasi zipatazo 280 upande wa mchana na 165 upande wa usiku.

Kupewa majina

Mwaka 2022 Umoja wa Kimataifa wa Wanafalaki ulialika watu wa mataifa yote wapendekeze majina ya mifumo 20 ya sayari. Pendekezo lililoshinda kwa GJ 1214 lilitoka Kenya, na matokeo yakatangazwa Juni 2023. Orkaria ni udongo mwekundu wa kujipaka, jina linaloafiki rangi ya nyota. Enaiposha ni maji makubwa kama ziwa, neno ambalo pia ni asili ya jina Naivasha. Kabla ya hapo, mwaka 2019, Tanzania iliipa nyota WASP-71 jina la Mpingo, na sayari yake Tanzanite, kwa heshima ya kito kinachochimbwa Mererani, wilayani Simanjiro, jirani ya Same upande wa magharibi.

Upare na suala la majina

Wenyeji wa Upare wanaufahamu uzito wa jambo hili. Wao hujiita Vaasu na lugha yao ni Chasu. Jina Pare ndilo lililoandikwa katika ramani na daftari za utawala, likabaki. Vilevile, Kimaa si lugha ya mbali kwao: husemwa na wafugaji wa nyanda zilizo chini ya milima hiyo. Mwaka 1988 wafugaji waliondolewa katika Hifadhi ya Mkomazi. Hivyo lugha ya wafugaji imepata makao angani ilhali baadhi ya wasemaji wake wamepoteza malisho ardhini. Heshima ya jina haikurudisha haki ya mahali.

Upare nao una msamiati wake wa maji. Ndiva ni bwawa dogo la udongo linalokusanya maji ya kijito usiku ili yagawanywe mashambani mchana kwa zamu. Neno hilo limebeba elimu ya uhandisi, sheria za ugawaji na mamlaka ya wazee. Likisahauliwa, hupotea na utaratibu uliolizaa.

Hitimisho

Enaiposha iliitwa maji makubwa kabla ya yeyote kuthibitisha kiasi cha maji yake. Huo si upungufu. Watu wa nchi kame huyaita mambo ya mbali kwa kile wanachokithamini zaidi. Lakini jina angani halitoshi. Kazi ya mwanahistoria wa Same ni kuandika pia majina ya ndiva, ya vijito na ya malisho, pamoja na habari za waliovitumia, wakati wazee wanaoyajua wangali hai.