Kalitunsi ya serikali

Mzee mwenye ardhi alituangalia tukishusha miche kwenye toroli, akauliza swali moja tu: "Hiyo ni kalitunsi?" Tukamjibu ndiyo mzee, miche 200 kutoka kitalu cha vijana. Akasema, "Basi irudisheni. Maharage pandeni, muhogo pandeni. Kalitunsi hapana." Vijana walikasirika, na mimi nilikasirika zaidi yao, maana ile miche tulikuwa tumeimwagilia miezi minne. Baadaye ndiyo nikaelewa kwamba yule mzee hakuwa na roho mbaya. Alikuwa anakumbuka.

Huku West Nile bendera zilibadilishwa haraka haraka. Mwaka 1894 Mfalme Leopold wa Ubelgiji alikodishiwa eneo la Lado, kwa hiyo Arua na Koboko zikawa chini ya watu wale wale waliotawala kwetu Kongo. (Tukiambiwa kila siku sisi ni wageni hapa, jambo hilo linanichekesha kidogo.) Leopold akafa Desemba 1909, mwaka 1910 eneo likarudi kwa serikali ya Sudan, na mwaka 1914 sehemu ya kusini ikapewa Uganda. Mwaka huo DC wa kwanza, A. E. Weatherhead, akaweka kituo chake Arua. Wakakwa wa Koboko wakajikuta ndani ya nchi tatu bila kuhama nyumba.

Sasa fikiria kituo kipya cha serikali. Kinataka kuni za jikoni, kuni za kuchomea matofali, nguzo, mbao za paa. Nchi hii ni ya nyasi na miti iliyotawanyika, na kila kiangazi moto unapita. Mvule upo, mti wa shea upo, lakini mvule unakua polepole na shea watu hawaukati ovyo kwa sababu ya mafuta yake. Serikali ilitaka mti ulionyooka na wenye haraka. Ikachagua mkaratusi, mti wa Australia, ambao huku Uganda wengi wanauita kalitunsi. Ethiopia Mfalme Menelik alikuwa ameshaupanda Addis Ababa, mji uliokuwa umemaliza kuni zake. Kenya waliupanda kwa ajili ya treni, maana injini zilichoma kuni. Uganda uliingia karibu mwaka 1912, kwa kuni za vituo vya serikali na kukausha mabwawa yenye mbu.

Kazi ya kitalu haijabadilika sana, ndiyo sababu naipenda habari hii. Mbegu ya kalitunsi ni ndogo kama ugoro. Ukiimwaga hivi hivi inaota kwa mafungu, kwa hiyo unaichanganya na mchanga kwanza. Tuta linafunikwa kwa kivuli cha nyasi, maji yananyunyizwa taratibu yasiizamishe mbegu. Mche ukipata majani kadhaa unahamishwa, na mvua ikishika unapelekwa shambani. Leo tuna vifuko vya plastiki. Zamani walitumia masanduku na madebe. Adui ni mchwa. Mchwa wa huku wanakata mche mchanga wa kalitunsi chini kabisa, asubuhi unaukuta umelala. Ukishapona hapo umepona: unaukata, kisiki kinachipua, unakata tena.

Mikono ya kuchimba mashimo ilitoka kwa wananchi. Watu wa Arua husimulia kwamba hata jina la mji lilitokana na neno la Kilugbara la gereza, na wafungwa ndio waliofanya kazi nyingi za vituo siku zile. Wengine walifuata pesa ya kodi. Vijana wengi wa West Nile waliishia kwenye miwa kusini, Lugazi na Kakira, kwa sababu hiyo hiyo ya kodi. Baadaye ikaja tumbaku, na majiko ya kukaushia tumbaku yanakula kuni kama shetani, kwa hiyo kalitunsi zikazidi.

Hapa ndipo penye uchungu. Mwaka 1929 serikali ya Uganda ilitoa sera yake ya kwanza ya misitu, na miaka iliyofuata mipaka ya hifadhi ikawekwa sehemu nyingi. Mti ulikuwa kuni, lakini pia ulikuwa alama. Penye mstari wa kalitunsi watu walijua pana mwenyewe, na mwenyewe ni serikali. Nenda Barifa pale Arua uone jinsi msitu unavyoweza kushika ardhi katikati ya mji. Nyumba ya nyasi inaanguka baada ya miaka michache. Kalitunsi inabaki, na wajukuu wanaikuta.

Kenya ilikuwa na mpango mwingine, kuanzia karibu mwaka 1910. Mkulima asiye na ardhi aliruhusiwa kulima mahindi ndani ya msitu wa serikali, kwa sharti atunze miche iliyopandwa katikati. Miti ikianza kufunika, anahamishiwa kipande kingine. Alikula, sawa, lakini miti haikuwa yake hata siku moja. Niliposoma hayo nilinyamaza, maana nilijiona.

Sisi tunaambiwa panda, mazingira yameharibika, na ni kweli, dada zetu wanatembea mbali kutafuta kuni na wanafukuzwa kwa panga. Ila ardhi ya makambi ya West Nile ni ya koo za wenyeji, waliotukubalia tukae. Wao wenyewe walikimbilia Kongo na Sudan baada ya Amin kuanguka mwaka 1979, wakarudi miaka ya themanini. Mtu aliyewahi kurudi kutafuta mpaka wa shamba lake hatapenda mgeni apande kitu kinachodumu kuliko yeye. Ndugu wa mashirika, mkileta miche, leteni pia karatasi ya makubaliano: nani anakata, lini, na kisiki kinabaki kwa nani.

Tulirudi kwa mzee bila toroli, tukakaa chini. Akasema, "Papai sawa, mwanangu. Kalitunsi nitaongea kwanza na ndugu zangu." Hajaleta jibu. Miche iko kitaluni, imenifika magotini, na mizizi imeshatoboa vifuko.