Namilyango na Lugha ya Bwenini

Mwaka jana mwanafunzi wetu mmoja, aliyekuwa katika mazoezi ya kufundisha kwenye shule ya wavulana ambayo sitaitaja, aliulizwa na kijana wa kidato cha pili: "Mwalimu, kwani hii si lugha ya askari?" Darasa lote likacheka. Alinijia na swali hilo akitaka mbinu za ufundishaji. Nilimwambia kwamba jibu lake limo katika historia, na hasa katika historia ya shule zetu kongwe za bweni. Hebu tuichukue moja, Chuo cha Namilyango, kilichoko wilaya ya Mukono, mashariki ya Kampala.

Ikumbukwe kwamba Kiswahili kilifika Buganda kabla ya Kiingereza. Wafanyabiashara kutoka pwani walikuwa katika ikulu ya Kabaka Suna tangu miaka ya 1840. Mwanawe, Mutesa I, alikijua Kiswahili, na lugha hiyo ilitumika katika mazungumzo yake na Stanley mwaka 1875. Wamisionari Waanglikana waliofika mwaka 1877, na Mapadre Weupe wa Kifaransa waliowafuata mwaka 1879, walianzia kwenye Kiswahili hichohicho. Walikiacha baadaye. Askofu Tucker wa Kanisa la Anglikana alikiona kuwa karibu mno na Uislamu, na Biblia nzima ilipokamilika kwa Kiganda mwaka 1896, Kiswahili kilikuwa kimekwisha kupoteza nafasi yake kanisani.

Wakati huohuo majina ya mataifa yalikuwa yamegeuka kuwa majina ya dini. Muganda Mkatoliki aliitwa Mfaransa, na Mprotestanti aliitwa Mwingereza, hata kama hakuna kati yao aliyejua neno moja la Kifaransa au la Kiingereza. Januari 1892 makundi hayo mawili yalipigana Mengo. Bunduki za Kapteni Lugard ziliwapa Waprotestanti ushindi, na Wakatoliki wakabaki na jina baya, kana kwamba kuwa Mkatoliki ni kuipinga Uingereza.

Dawa iliyopatikana ilikuwa kuwaleta Wakatoliki Waingereza. Shirika la Mill Hill, lililoanzishwa London mwaka 1866, lilikabidhiwa eneo la Nile ya Juu. Mwaka 1895 mapadre wake wa kwanza, wakiongozwa na Askofu Henry Hanlon, walifika Kampala na kujenga katika kilima cha Nsambya. Kuwapo kwao kulikuwa hoja tosha: mtu anaweza kuwa Mkatoliki na asiwe Mfaransa.

Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 uliwapa machifu ardhi, vyeo na makaratasi mengi. Chifu aliyejua kusoma barua ya serikali bila mkalimani alikuwa na nguvu kuliko mwenzake. Miaka miwili baadaye, mwaka 1902, Hanlon alianzisha Namilyango, shule ya bweni ya wavulana, hasa wana wa machifu. Hutajwa kuwa shule kongwe kuliko zote za bweni nchini. Kwa maoni yangu, Kiingereza pale hakikuwa somo tu miongoni mwa masomo. Ndicho kilichokuwa sababu ya kuwapo kwa shule.

Hapa ndipo bweni linapoingia. Mwanafunzi wa kutwa huongea lugha ya shule mpaka langoni, kisha hurudi kwa mama yake. Wa bweni hana lango. Anaamka, anakula, anasali na kulala chini ya kanuni ileile, miezi mitatu mfululizo. Eneo la Mill Hill lilienea mashariki hadi Kavirondo, na ndani yake mlikuwa na Waganda, Wasoga, Wagwere, Wateso na Wajopadhola. Watu hao walihitaji lugha ya kukutania, na kwingineko Afrika Mashariki Kiswahili kilifanya kazi hiyo. Shule za namna hii ziliikabidhi kazi hiyo kwa Kiingereza. Baadaye, katika shule nyingi za kanda yetu, aliyekutwa akiongea lugha ya kwao alivishwa kibao shingoni mpaka amkamate mwenzake. Wazee wengi wanakikumbuka kibao hicho kwa kicheko, mimi sikicheki.

Gavana Gowers alijaribu kubadili mambo mwaka 1927, alipopendekeza Kiswahili kiwe lugha ya elimu na utawala. Kabaka Daudi Chwa alipinga, na viongozi wa makanisa wakapinga pia. Waganda walihofia kupoteza Kiganda, na walihofia zaidi kuunganishwa na Kenya ya walowezi. Hofu hiyo haikuwa ya kijinga. Mwaka 1952 Kiswahili kiliondolewa katika shule, kikabaki kwa polisi na jeshi. Hivyo kijana aliyemuuliza mwalimu wetu swali lile alikuwa akirithi uamuzi uliofanywa ofisini zamani. Agosti 1973 Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa, lakini raia wengi walikuwa wakikisikia kwenye vizuizi vya barabarani, kikiambatana na bunduki.

Mabadiliko ya katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, na mtaala mpya wa mwaka 2020 ukakifanya somo la lazima katika kidato cha kwanza na cha pili. Kwa hiyo walimu wetu sasa wanaingia kwa mlango wa mbele katika shule ambazo Kiswahili kiliishia jikoni na kwa mlinzi.

Yule mwanafunzi wetu alirudi shuleni na kipindi kilichofuata hakuanza na ngeli. Aliwaomba wavulana wamtajie kwa Kiganda vitu vilivyokuwa karibu yao. Wakasema ekitabo, emmeeza, essaati, ssabbuuni, ssukaali, essaawa. Akaviandika ubaoni, na pembeni ya kila neno akaandika la Kiswahili. Walikuwa wamefika kumi na saba kengele ilipolia.