Afya ya Akili Mbulu na Hanang: Msaada kwa Kila Rika na Jinsia

Afya ya akili ni hali inayomwezesha mtu kukabiliana na misukosuko ya maisha, kufanya kazi na kuishi vyema na wenzake. Inapotetereka bila msaada, baadhi ya watu hufikia hatua ya kutamani kufa. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa zaidi ya watu 720,000 hufariki dunia kwa kujiua kila mwaka, na kwamba kujiua ni sababu ya tatu ya vifo kwa vijana wa miaka 15 hadi 29. Vifo hivyo vinaweza kuzuilika endapo dalili zitatambuliwa mapema.

Katika Wilaya ya Hanang, uzito wa suala hili ulidhihirika Desemba 3, 2023, maporomoko ya tope, mawe na miti kutoka Mlima Hanang yalipoukumba mji wa Katesh na vijiji jirani na kuua zaidi ya watu 80. Mbali na matibabu, chakula na makazi, waathirika walihitaji msaada wa kisaikolojia na kijamii. Jeraha la mwili huonekana, lakini hofu na majonzi huweza kujitokeza miezi mingi baadaye, hasa mvua kubwa zinaporejea. Aidha, kwa wakulima na wafugaji wa Hanang na Mbulu, ukame, vifo vya mifugo na madeni huweza kuleta msongo mkubwa wa mawazo.

Dalili hazifanani

Mtoto huenda asiseme kuwa ana huzuni. Hukojoa kitandani baada ya kuwa ameacha, huogopa kulala peke yake, hulalamika kuumwa tumbo au hushuka kimasomo. Mzazi na mwalimu wanapaswa kumsikiliza badala ya kumwadhibu.

Kijana hujitenga, hubadilika ghafla tabia au huanza kutumia pombe na dawa za kulevya. Kufeli mtihani, kukosa ajira, mimba isiyotarajiwa na kuvunjika kwa uhusiano ni vipindi vinavyohitaji ukaribu wa familia.

Mwanamke huweza kupata sonona wakati wa ujauzito au baada ya kujifungua. Kliniki ya mama na mtoto ni mahali pazuri pa kueleza kukosa usingizi, kulia mara kwa mara au kushindwa kumpenda mtoto. Anayefanyiwa ukatili anaweza pia kufika Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi.

Mwanamume, kwa kuzoezwa kuwa machozi ni udhaifu, mara nyingi huonesha maumivu yake kwa hasira, ulevi au ukimya. Takwimu za WHO zinaonesha kuwa wanaume hufa kwa kujiua zaidi ya wanawake. Wazee wa mila, viongozi wa dini na marafiki wana nafasi ya kumfikia kabla hajakata tamaa.

Mzee aliyefiwa na mwenza, mwenye maradhi ya muda mrefu au anayeishi peke yake huweza kujiona mzigo. Kumtembelea na kumshirikisha katika maamuzi humrejeshea thamani yake. Kwa mujibu wa sera, wazee wasio na uwezo wenye miaka 60 na kuendelea hutibiwa bila malipo.

Nini kifanyike

Mtu anaposema amechoka kuishi, anapoaga kwa namna isiyo ya kawaida au kugawa mali zake, asipuuzwe. Aulizwe kwa upole na kwa uwazi iwapo anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo, bali humpa nafasi ya kutua mzigo. Asiachwe peke yake, na viuatilifu, dawa na silaha viwekwe mbali naye chini ya kufuli.

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inalitaja jaribio la kujiua kuwa ni kosa, jambo linalowafanya baadhi ya watu kuficha tatizo. Hata hivyo, aliyejaribu kujiua ni mgonjwa anayehitaji matibabu ya haraka, na familia isichelewe kumfikisha hospitali kwa hofu au aibu.

Mahali pa kupata msaada

Hatua ya kwanza ni zahanati, kituo cha afya au afisa ustawi wa jamii wa eneo husika. Wanaohitaji huduma zaidi hupewa rufaa kwenda hospitali ya wilaya au Hospitali ya Kilutheri Haydom iliyopo Mbulu, yenye huduma za afya ya akili na kifafa. Huduma za kibingwa hutolewa pia katika Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe, Dodoma.

Mwananchi anaweza kupiga simu bila malipo namba 199 ya Wizara ya Afya kwa ushauri, au namba 116 kwa masuala ya watoto.