Kompyuta Haiwaki: Historia ya Mashine Iliyonyamaza

Watu wakishajua kwamba kazi yangu ni kuandika programu, hawachelewi kuniuliza hivi: "Nimenunua vipande, nikaunganisha kompyuta yangu mwenyewe, nabonyeza kitufe na haiwaki. Je, imekufa?" Mara nyingi jibu ni hapana. Haijafa, imenyamaza tu, au inasema kwa sauti ambayo mwenyewe hajafundishwa kuisikiliza. Leo tuifuate sauti hiyo tangu ilikoanzia. Si kwa ajili ya kujifurahisha tu. Anayeijua historia hii hataambiwa anunue madabodi nyingine huku yake ikiwa nzima.

Tuanze mwaka 1975. Toleo la Januari la jarida la Marekani liitwalo Popular Electronics lilikuwa na picha ya Altair 8800 kwenye jalada. Kompyuta hii ilitengenezwa na kampuni ndogo ya MITS ya Ed Roberts, mjini Albuquerque. Ungeweza kuinunua vipande vipande, ukakaa na chuma cha kulehemu, ukaiunda mwenyewe nyumbani. Ilikuwa na prosesa ya Intel 8080 na kumbukumbu ya baiti 256. Siyo megabaiti, baiti! Haikuwa na skrini wala kibodi. Mbele yake palikuwa na swichi na safu za taa nyekundu, basi.

Sasa fikiria umemaliza kulehemu, umechomeka kwenye stima, umewasha. Utajuaje kama inafanya kazi? Altair haikuwa na programu yoyote ndani ya kujisemea. Ilibidi mwenye mashine aiulize. Ungepanga namba kwa swichi, ungeiweka kwenye kumbukumbu kwa swichi iliyoandikwa DEPOSIT, kisha ungerudi kuisoma kwa EXAMINE. Taa zikionyesha namba ile ile uliyoweka, sehemu hiyo ni nzima. Zikionyesha nyingine, unaanza kutafuta mguu wa chipu ambao haukushika risasi vizuri. Huo ndio uliokuwa utafutaji wa hitilafu wa siku hizo, swali moja na jibu moja.

Tarehe 5 Machi 1975 wapenzi wa mashine hizi walikutana kwa mara ya kwanza katika gereji ya Gordon French, huko Menlo Park, California. Klabu yao ikaitwa Homebrew Computer Club. Mwezi uliofuata mwanachama mmoja, Steve Dompier, aliwaonyesha wenzake jambo la ajabu. Aliweka redio ndogo karibu na Altair, akaingiza programu kwa swichi, moja baada ya nyingine, na redio ikaanza kuimba wimbo wa Beatles. Mashine haikuwa na spika. Ilikuwa ikivujisha mawimbi ya redio kila prosesa ilipofanya kazi, na yeye alipanga kazi hiyo ifuate muziki. Mimi huona humo somo kubwa: mashine iliyokosa mdomo bado ilikuwa ikitoa ishara, ni vile tu wengi hawakuwa wameitegea sikio.

Mwaka 1976 Steve Wozniak wa klabu hiyo hiyo akaleta Apple I. Iliuzwa kama bodi iliyokwisha kulehemiwa, lakini kasha, kibodi na transfoma ulijitafutia. Hapa tayari palikuwa na picha kwenye runinga. Hata hivyo, ukiiwasha tu, skrini ilijaa alama zisizo na maana. Mgeni angedhani imeharibika. Ilibidi usafishe skrini, ubonyeze reset, ndipo mkwaju mmoja uliolalia nyuma utokee kukuambia kwamba mashine iko tayari. Kumbe haikuwa mbovu, ilikuwa ikingoja.

Mabadiliko makubwa yalikuja tarehe 12 Agosti 1981, IBM ilipotangaza kompyuta yake ya binafsi, ile 5150. Ndani ya chipu mojawapo palikuwa na programu ya kudumu iitwayo BIOS, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuikagua mashine yenyewe. Ukaguzi huo ndio unaoitwa POST mpaka leo. Ulikwenda kwa mpangilio: prosesa kwanza, kisha chipu ya BIOS yenyewe, kisha kipande cha mwanzo cha kumbukumbu, kisha picha, halafu kumbukumbu iliyobaki, kibodi na diski.

Kwa nini picha haikuwa ya kwanza? Kwa sababu huwezi kumtuma mgonjwa ambaye hajapimwa akatangaze ugonjwa wa wengine. Kabla skrini haijathibitishwa, mashine ilitumia chombo rahisi kuliko vyote, yaani spika ndogo. Mlio mmoja mfupi ulimaanisha mambo ni shwari. Mmoja mrefu na miwili mifupi, shida iko upande wa picha. Kimya kabisa, anza kwa kuangalia stima. Picha ikishapatikana, mashine iliandika namba: 201 kwa kumbukumbu, 301 kwa kibodi, 601 kwa diski laini. Zaidi ya hapo, IBM ilichapisha kitabu cha kiufundi chenye michoro ya saketi na BIOS yenyewe mstari kwa mstari. Fundi aliweza kusoma mashine ilikuwa ikifanya nini pale ilipokwama.

Kisha wakaja waigaji. Compaq ilitangaza mashine yake mwaka 1982, na baadaye Phoenix, AMI na Award wakauza BIOS zao kwa watengenezaji wengine. Kila mmoja alikuwa na milio yake. Ikawa kama lahaja zetu za pwani: Kiamu na Kimvita ni Kiswahili vyote, lakini neno la huku linaweza kukupoteza kule. Fundi aliyehesabu milio bila kujua ni BIOS ya nani aliweza kubadilisha kipande kizima na kuacha kibovu.

Mwaka 1984 IBM PC/AT ikaleta ishara nyingine ya kimya kimya. Kila hatua ya ukaguzi ilipoanza, BIOS ilituma namba kwenye mlango wa ndani nambari 80 kwa heksadesimali. Baadaye zikauzwa kadi ndogo zenye tarakimu mbili za taa. Unachomeka kadi, unawasha, unatazama namba ya mwisho. Namba hiyo inakuambia mashine ilifika wapi kabla ya kusimama.

Mwaka 1995 Intel ikatoa muundo wa ATX, na maana yenyewe ya "kuwasha" ikabadilika. Kabla ya hapo kitufe kilikuwa swichi ya kweli, kilikata na kuunganisha stima ya ukutani. Kwenye ATX kitufe ni ombi tu. Pawasaplai hutoa volti 5 za akiba hata kompyuta ikiwa imezimwa. Ukibonyeza, madabodi huiomba pawasaplai iamke kupitia waya wa kijani, kisha hungoja ijibiwe kwa waya wa kijivu kwamba stima imetulia. Jibu lisipokuja, hakuna kinachoendelea.

Hapo ndipo zilipozaliwa sababu nyingi za "haiwaki" ya siku hizi. Nyaya za kitufe zikichomekwa pini zisizo zake, ombi halifiki. Skrubu ya shaba ikisahaulika chini ya madabodi mahali pasipo na tundu, inaleta shoti. Feni huzunguka nusu sekunde na kusimama, maana pawasaplai imejikinga. Tangu zama za Pentium 4, mwaka 2000, kuna pia plagi ya pili ya volti 12 kwa ajili ya prosesa. Ukiisahau, feni zitazunguka vizuri na skrini itabaki nyeusi.

Hapa kwetu Kenya kuna sababu nyingine isiyo ya kuunganisha vibaya. Pawasaplai nyingi za zamani zilikuwa na swichi ndogo nyekundu nyuma, 115 au 230. Kompyuta ya mitumba iliyotoka Marekani ilikuja imewekwa kwenye 115. Ukiichomeka kwenye stima yetu ya volti 240 bila kuangalia, husikii mlio wa BIOS, unasikia mlipuko. Lakini hata hapo kinachoungua kwanza huwa ni pawasaplai, na mara nyingi vilivyobaki hupona.

Tuje kwenye zama zetu. Madabodi nyingi sasa huuzwa bila spika. Badala yake zina taa nne ndogo pembeni, CPU, DRAM, VGA na BOOT. Taa inayobaki ikiwaka ndiyo hatua iliyokwama. Ukitazama vizuri utaona ni mpangilio ule ule wa 1981, umevaa nguo mpya. Shida ni kwamba wengi hawajui taa hizo zipo.

Na kuna jambo jipya linalowatisha watu bila sababu. Mwaka 2022 AMD ilipotoa Ryzen 7000 zenye kumbukumbu za DDR5, mashine mpya ilianza kuchukua dakika kadhaa kuwaka mara ya kwanza. BIOS hupima na kurekebisha muda wa mawasiliano na kila kijiti cha RAM, na wakati huo skrini ni nyeusi tii. Kijana mmoja wa mtaani kwetu aliambiwa dukani kwamba madabodi yake imekufa na anunue nyingine. Ilikuwa akiba yake ya miezi. Nilimwambia atoe RAM yote kisha awashe. Taa ya DRAM ikawaka ikaganda. Nikamwambia hiyo ndiyo habari njema: madabodi inayolalamika kwamba haina RAM ina prosesa iliyo hai na BIOS inayosomeka. Tukarudisha kijiti kimoja, tukawasha, tukaiacha. Chai ilikuwa bado haijaisha picha ilipotokea.

Basi, ikikupata, fuata njia ya POST mwenyewe. Hakikisha stima na swichi ya nyuma. Chomeka plagi zote mbili za madabodi. Chomoa kila usichokihitaji, ubaki na prosesa, feni yake na kijiti kimoja cha RAM. Kama prosesa yako haina picha ndani, mfano zile za Intel zenye herufi F, weka kadi ya picha na uchomeke waya wa skrini kwenye kadi hiyo, siyo kwenye madabodi. Gusanisha pini mbili za kitufe kwa bisibisi, kuondoa shaka ya kitufe. Ngoja dakika kumi. Bado kimya? Toa RAM na usikilize kama inalalamika. Pawasaplai usiifungue, kapasita zake hushika chaji hata baada ya kuchomolewa.

Ikilalamika, sauti yoyote ile, usitoe pesa mfukoni kwanza. Tafuta kitabu cha madabodi yako, soma taa au milio hiyo ina maana gani, kisha ufuate hapo.