Chupa ya Gladstone

Huku Uingereza ukenda duka la mtaani kununua mkate, mvinyo uko rafu ya pili. Wengi hudhani ni mambo ya juzi. Sivyo! Bia ilitengewa leseni ya kuchukua nyumbani tangu 1834. Mwaka 1860 Gladstone, waziri wa fedha, akapunguza ushuru wa mvinyo wa Ufaransa, na wenye maduka wakaruhusiwa kuuza chupa. Eti mvinyo mwepesi utawaachisha watu pombe kali! Mie naona aliihamisha pombe tu, kutoka kilabuni mbele za watu hadi jikoni. Tangu 1869 mahakimu ndio walioamua nani auze. 2005 kazi ikaenda kwa halmashauri. Rafiki yangu mwenye duka hakukata leseni. Wateja humpita.