Mtepe, Chombo Kisicho na Msumari

Ndugu zangu Waislamu, wazee wa Lamu na visiwa vya Wabajuni waliunda mtepe pasipo msumari hata mmoja. Mbao zilitobolewa, zikashonwa kwa kamba za makumbi; tanga lake la mraba lilikuwa jamvi. Mwanzoni mwa karne ya 20 mitepe ikatoweka, na washonaji wakafa na ujuzi wao. Mwaka 2003 mafundi wa Unguja walipounda mwingine, iliwabidi waitazame mifano midogo, kwani hapakuwa na mzee wa kuulizwa. Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, ulimowekwa mtepe huo, ikaporomoka. Basi chombo hakihifadhiwi na nyumba, bali na mikono. Enyi vijana wetu wa huku Ziwa Nyanza, kaeni na mafundi wa mitumbwi wangali hai. Wabillahi tawfiq.