Iva Valley: Ngoma ya Vita au Salamu?

Ukiuliza mjini Enugu, kusini-mashariki mwa Nigeria, mgodi wa kwanza wa makaa ya mawe ulikuwa wapi, utaambiwa Ogbete. Nilifika Ogbete nikakuta soko: viatu, simu, mafungu ya nyanya. Mgodi ulifunguliwa hapo 1915, ukafungwa miaka miwili baadaye, na kazi ikahamia Iva Valley. Basi nikashika njia ya bondeni kwa miguu. Lakini nani hasa aliyagundua makaa haya?

Vitabu vina jibu jepesi: wanajiolojia Waingereza walikuwa wakitafuta madini ya fedha, wakaangukia makaa mwaka 1909. Silimezi lote. Tabaka za makaa huchungulia zenyewe kwenye kingo za vijito vya milima ya Udi. Mwenyeji angezipitaje kila siku asizione? Naona wageni waligundua faida, zaidi ya jiwe. Kufikia 1916 reli ilikuwa imeshafika kutoka Port Harcourt, bandari iliyoanzishwa kwa ajili ya makaa hayo, na sijasikia bado reli iliyojengwa kwa hisani. Aliyeshika sururu alipata nini?

Migodi ya hapa haikuwa na shimo la kuteremkia. Watu waliingia kwa miguu, ubavuni mwa kilima. Novemba 1949 wachimbaji wa Iva Valley walikuwa kwenye mgomo baridi, wakidai malipo. Tarehe 18 polisi walikuja kuondoa baruti ghalani. Risasi zikalia. Wachimbaji 21 walikufa, 51 wakajeruhiwa. Kwa nini baruti, na kwa nini siku ile?

Upande wa serikali ya kikoloni ulieleza hofu kwamba baruti ingeangukia mikononi mwa wachochezi. Wachimbaji nao waliona dalili ya kufungiwa mgodi. Hofu zote mbili naziamini. Moja tu ndiyo iliyokuwa na bunduki. Je, waliosimama mbele ya mitutu walikuwa wakifanya nini?

Hapa ndipo kumbukumbu zinapogongana. Polisi walisema waliona umati ukicheza ngoma ya vita. Wachimbaji walisema walikuwa wakiimba kwamba wote ni wamoja, polisi wakiwemo. Vitambaa vyekundu walivyofunga kwenye kofia na vifundo vya mikono, walisema, vilikuwa alama ya mshikamano. Tume ya uchunguzi ilisikiliza pande zote, na ripoti yake ikatoka 1950. Kitambaa chekundu naweza kukisoma kwa namna mbili. Zana za kazi siwezi: sururu mkononi mwa mchimbaji, mlangoni mwa mgodi wake, ni ushahidi wa nini?